Wakili wa mume wangu anaongelea rufaa, na kesi bado haijaanza

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa, umri miaka 34, nina watoto wawili. Tunaishi Texas karibu na kambi ambako mume wangu ni sajenti katika jeshi la nchi kavu la Marekani. Mwezi ujao atasimama mbele ya mahakama ya kijeshi, na huku nyumbani kwetu watu watatu tu ndio wanaojua. Wewe ni wa nne.

Kisa ni posho ya nyumba. Mwaka 2023 alipelekwa Korea Kusini kwa mwaka mzima, safari ambayo familia haifuati. Sisi tulibaki karibu na Seattle, na kwa kuwa kodi za kule ni za kutisha, posho ililipwa kwa kiwango cha kule. Haikupita miezi miwili, mama yangu akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, hata kikombe hawezi kushika. Mimi ndiye binti pekee. Nikarudisha funguo za nyumba, nikabeba watoto, nikakaa Likoni miezi 9 nikimlisha kwa kijiko. Posho ikaendelea kuingia kana kwamba bado tuko Seattle. Katikati ya miezi ile mume wangu akaletewa fomu ya kuthibitisha familia yake inakaa wapi, akaitia saini. Jumla yake imepita dola 20,000. Wanamshtaki kwa wizi na kwa kutoa maelezo rasmi ya uongo.

Mambo yalianza kuharibika hivi. Aliporudi, sajenti mkuu wa kikosi chake alimwita ofisini, akafunga mlango, akamuuliza, “Ulipokuwa Korea, mkeo alikuwa anakaa wapi hasa?” Akajibu, “Mombasa, tangu Machi.” Hakuambiwa kwamba ana haki ya kunyamaza. Siku nne baadaye wapelelezi walimsomea haki zake, akatia saini kwamba amezielewa na yuko tayari kuongea, akaandika kurasa mbili kwa mkono wake.

Tumepewa wakili bure, naye ni mwanajeshi, kapteni ambaye ukimwona utadhani amemaliza shule juzi. Aliomba mahakama iyatupe maelezo yote mawili. Siku ya kusikiliza ombi lile nilikuwepo. Kulikuwa na mwandishi wa mahakama aliyejifunika mdomo na pua kwa kitu kama kinyago cha oksijeni, akinong'ona humo ndani muda wote. Nilimwangalia yeye kuliko jaji. Jaji akakataa ombi, akasema sajenti mkuu alikuwa anauliza mambo ya kiutawala tu. Wakili wetu hakukasirika wala nini. Alisimama, akataja vifungu fulani, akaomba viingie kwenye kumbukumbu, akakaa. Tulipotoka nje akatuambia kwa sauti ya mtu aliyeshiba, “Hiyo tumeihifadhi kwa ajili ya rufaa.”

Shangazi, moyo ulinianguka. Kesi yenyewe haijaanza, yeye yuko kwenye rufaa! Ni sawa na daktari anayekupima homa huku anaulizia bei ya sanda.

Sasa waendesha mashtaka wameleta makubaliano: akiri kosa la maelezo ya uongo, wafute wizi, kifungo kisizidi miezi 6. Suala la kufukuzwa jeshini litabaki mikononi mwa jaji. Mume wangu amechoka, anataka kusaini. Anasema akishasaini, maneno ya yule sajenti mkuu atayapigania kwenye rufaa. Shemeji yangu naye yuko tayari kuuza shamba lake la Kilifi, lakini anasisitiza pesa tusiziguse sasa. “Huyu wa bure atashindwa tu,” anasema, “tuweke pesa tumtafute wakili mkubwa wa rufaa.” Mimi sijui nimsikilize nani.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia wakili wala mtu yeyote. Kwenye simu yangu nina ujumbe wa sauti wa WhatsApp ambao mume wangu alinitumia akiwa Korea, wiki mbili baada ya mimi kufika Likoni. Anasema, “Nimemwambia yule wa ofisi ya malipo kwamba umerudi nyumbani. Kasema atarekebisha. Wasiporekebisha, shauri yao.” Nusu ya kwanza inaweza kumwokoa, nusu ya pili inaweza kummaliza. Usiku naisikiliza nikiwa bafuni. Mara mbili kidole kimefika kwenye alama ya kufuta. Nimewaza pia niuache ulale, kesi ikituendea vibaya nitautoa kwenye rufaa.

Yote haya yametokea kwa sababu mimi niliondoka. Nifanye nini?

Mke wa Sajenti, Texas

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia mchana. Ngoja nikurudishie ulichosema, nione kama nimekusikia vizuri. Mume wako ana kesi mwezi ujao. Wakili anataja rufaa mapema, nawe umeona ni dalili ya kukata tamaa. Mume anataka kukiri sasa apigane baadaye. Shemeji anataka pesa zingoje baadaye. Wewe una ujumbe wa sauti unaoona unaweza kungoja baadaye. Watu watatu mnaopendana, na kila mmoja ana kitu anachokiwekea akiba ya rufaa. Mtu pekee anayetaka kutumia kila kitu sasa ni yule kapteni, na ndiye unayemwona amekata tamaa.

Mimi si mwanasheria. Kabla ya kukujibu nimekaa kwenye simu na rafiki yangu aliyewahi kutetea wanajeshi huko Marekani, na ninayokuandikia hapa yatumie kama maswali ya kumpelekea wakili wenu. Anayelijua jalada ni yeye.

Tuanze na yule mtu wa kinyago, kwa sababu jicho lako lilijua pa kutazama. Kile kinyago kina maikrofoni ndani. Mwandishi hurudia kila neno linalosemwa, la jaji, la wakili, la shahidi, na kunong'ona kule ndiko kunakozaa maandishi yatakayoitwa mwenendo wa kesi. Mume wako akitiwa hatiani na shauri likaenda Mahakama ya Rufaa za Jinai ya jeshi la nchi kavu, kule Fort Belvoir, Virginia, majaji watatu watakaopewa jalada hawatamwona yeye. Hawatamwona sajenti mkuu, hawatakusikia wewe. Watasoma. Shahidi akitikisa kichwa bila kufungua mdomo, kwao hakujibu. Akisema “tulikuwa karibu namna hii” akionyesha kwa mikono, na asitokee mtu wa kusema kwa sauti “shahidi anaonyesha kama mita mbili,” basi kule Virginia hakuna umbali wowote.

Ndiyo maana wakili alisimama akataja vifungu hata baada ya kushindwa. Kwa utaratibu wa kule, jambo ambalo wakili hakulipinga kesini, au alilipinga bila kutoa sababu, likifika kwenye rufaa huwa limekwisha nguvu. Mrufani hubanwa aonyeshe kwamba kosa la jaji lilikuwa wazi kabisa na lilimuumiza kweli, na huo ni mlima. Lakini pingamizi likiwekwa kwa wakati wake, na sababu yake ikatajwa, mlango unabaki wazi. Hata jaji anapomzuia shahidi wa utetezi asiseme jambo fulani, wakili makini humweleza jaji, jopo la wanajeshi wanaoamua kama mtu ana hatia likiwa nje, kwamba shahidi angeruhusiwa angesema hivi na hivi. Hapo jaji anaweza kubadilisha mawazo. Asipobadilisha, limeshaandikwa.

Na hoja yenyewe si ya kubahatisha. Sheria ya kijeshi ya Marekani ina kifungu cha 31, kinachomtaka mwenye mamlaka ya kijeshi anayemhoji mtu anayemshuku kosa amwambie kwanza anashukiwa nini na kwamba ana haki ya kunyamaza. Kifungu hicho kilianza kutumika 1951, miaka 15 kabla Mahakama ya Juu ya nchi yao haijawalazimisha polisi wa kawaida kufanya jambo la aina hiyo. Ubishi uko hapa: sajenti mkuu alikuwa anapeleleza, au alikuwa anashughulikia makaratasi ya kikosi? Jaji kaona makaratasi. Majaji wengine wakisoma kwamba alifunga mlango kwanza, wanaweza kuona vingine. Je, lile la mlango lilisemwa mahakamani, likaandikwa? Muulize wakili. Ni neno moja tu, lakini kama halimo kwenye mwenendo, basi mlango ule haukufungwa.

Kwa hiyo nakuomba uipime upya ile sauti ya mtu aliyeshiba. Mvuvi wa kwenu Likoni hubeba kata ya kufua maji chomboni hata bahari ikiwa shwari, na hajawahi mtu kumwambia amepanga kuzama.

Lakini sikufichi, mawakili wawili waliomo ndani ya sare moja, yule wa leo na yule wa rufaa, wakati mwingine hugombana. Kesi ikisikilizwa na mahakama kuu ya kijeshi, jopo huwa na watu 8, na wakikubaliana 6 mtu ametiwa hatiani, hawahitaji kuwa wote. Wakili akisimama kupinga kila dakika, wale 8 wataanza kujiuliza anaficha nini. Akinyamaza ili asiwaudhi, amepoteza hoja ya baadaye. Mengine huyamaliza kwa maombi ya maandishi kabla jopo halijaingia, na mengine huyaacha makusudi. Ni haki yenu kumuuliza ameamua kuacha yapi, na kwa nini.

Sasa twende kwa mume wako. Anasema atakiri, kisha apiganie maneno ya sajenti mkuu kwenye rufaa. Hapa ningetaka akae na wakili saa nzima bila kuangalia simu. Mtu akikiri bila masharti, kwa kawaida huwa ameachana na ule ubishi wa maelezo kutupwa. Rufaa haiurudishi. Kuna njia ya kukiri kwa masharti, ambapo hoja fulani huhifadhiwa kwa maandishi ili akishinda kwenye rufaa aruhusiwe kuondoa kukiri kwake, lakini upande wa mashtaka na jaji wote lazima wakubali. Makubaliano mliyoletewa ni ya aina ipi? Barua yako haisemi, na nadhani nyumbani kwenu hajauliza mtu.

Jingine ni gumu zaidi, nalo halihusu karatasi. Siku ya kukiri, jaji atamwapisha mume wako, kisha atamtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichofanya na kwa nini anajua ni kosa. Ukurasa wenye saini pekee hautoshi. Akisema “nilitia saini bila kusoma” au “nilidhani ofisi imesharekebisha,” jaji anaweza kukataa kukiri kule, kwa sababu mtu aliyeamini kwa dhati kwamba anasema kweli hakusema uongo kwa makusudi. Je, mume wako anaweza kusimama aseme kwa kinywa chake, “Nilijua si kweli, nikaandika”? Kama ndivyo ilivyokuwa, kukiri kunaweza kumpunguzia mzigo mkubwa, kwani kosa lile peke yake linaweza kuzaa kifungo cha hadi miaka 5. Kama sivyo ilivyokuwa, atakuwa anaapa uongo ili kumaliza kesi ya uongo. Umemuuliza? Simaanishi kwa hasira ya saa saba usiku. Namaanisha kumuuliza kama mke anayetaka kujua.

Uchovu wake nauelewa. Kungoja kesi kunamla mtu kuliko kifungo chenyewe, na miezi 6 yenye mwisho ina utulivu wake. Ila apige hesabu ya kufukuzwa. Kama uraia wake aliupata kupitia utumishi jeshini, na akaachishwa kwa sifa mbaya kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, sheria ya uhamiaji inaruhusu uraia huo ufutwe. Hili lina mawakili wake. Kapteni asipolijua vizuri, aombe msaada wa anayelijua kabla saini haijawekwa, na green card yako nawe uiulizie hapo hapo.

Tuje kwa shemeji na shamba lake. Mungu ampe kheri, maana ndugu wa kuuza ardhi kwa ajili ya ndugu ni wachache siku hizi. Lakini naona anaifikiria rufaa kama kesi ya pili, kwamba mkishindwa huku mtaingia tena uwanjani na mchezaji bora zaidi. Wakili wa rufaa hata awe mkubwa kama mbuyu, atafungua jalada lile lile alilolijenga huyu wa bure. Hawezi kuita shahidi ambaye hakuitwa. Zamani majaji wa rufaa wa kijeshi walipima ushahidi wote upya kwa macho yao wenyewe. Kwa makosa yaliyotendeka kuanzia 2021, mrufani lazima kwanza aonyeshe ushahidi ulipungua mahali gani hasa. Kusema kwamba wakili wa kesi alitetea vibaya nako kunaruhusiwa, lakini tangu 1984 kipimo ni kuonyesha kwamba alikosea sana na kwamba kukosea kule kungeweza kubadili matokeo. Wengi hujaribu, wachache hufika. Na wanaoshinda rufaa si wote wanaorudi nyumbani moja kwa moja. Mara nyingi kesi huamriwa isikilizwe upya. Muda wote huo mume wako anakuwa anatumikia adhabu, na kifungo cha miezi 6 kinaweza kumalizika kabla hata majaji hawajaandika.

Halafu kuna ambalo shemeji huenda halijui: kwenye rufaa pia wanajeshi hupewa wakili wa kijeshi bure, anayefanya kazi ya rufaa tu. Anayetaka wa kiraia anamlipa mwenyewe. Kwenye kesi vilevile mnaweza kumwongeza wakili wa kiraia kwa gharama zenu na mara nyingi kapteni akabaki kumsaidia, au mkaomba wakili mwingine wa kijeshi mnayemtaka kama anapatikana. Pesa zikitumika sasa, zinaingia kwenye kumbukumbu. Zikingoja, zitamlipa mtu wa kusoma kilichoandikwa. Hata hivyo kuongeza wakili wiki nne kabla ya kesi kuna hatari yake: hajui jalada, anaweza kuomba kuahirisha, na jaji anaweza kukataa. Na shamba linalouzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya haraka, wanunuzi wa Kilifi wananusa shida kama papa. Kuna pia njia ya tatu, isiyopendeza kuitaja: pesa zikae kwa ajili yenu. Mshahara, kwa adhabu nyingi za kifungo, hukatika siku 14 baada ya hukumu. Wakili anaweza kumwomba kamanda aliyeitisha mahakama aache makato yale kwa muda wa hadi miezi 6, pesa zije kwako na watoto. Ombi hilo liandaliwe kabla ya hukumu, pamoja na barua za watu wanaomjua mume wako, kwa sababu baada ya adhabu kutangazwa ana siku 10 tu za kumwandikia kamanda yule kuomba huruma. Siku 10 ni chache mno kwa mtu anayelia.

Mwanangu, sasa tuingie bafuni.

Usiifute. Mengine yote nakuachia wewe na mume wako mpime, lakini hili nalisema bila kupepesa, kwa sababu kufuta ushahidi wa kesi unayoijua ni kosa jipya, na safari hii litakuwa lako. Simu ibaki kama ilivyo, usimtumie mtu, usiihamishe.

Ulichowaza, kwamba uulaze utautoa kwenye rufaa, hakiwezekani. Kule kuna ombi la kesi mpya kwa ushahidi mpya, na muda wake ni miaka mitatu. Lakini ushahidi mpya ni ule ambao haukuweza kupatikana hata kwa kutafuta kwa bidii. Uliokuwa kwenye simu ya mke wa mshtakiwa, anaousikiliza kila usiku, hauna upya wowote. Ama upate nafasi yake katika kesi hii, ama haitakuwepo nafasi nyingine.

Je, upelekwe? Hapo ndipo penye uzito, na siwezi kukubebea. Ukipelekwa, unaonyesha kwamba alitoa taarifa ofisi ya malipo wiki mbili tu baada ya wewe kuondoka. Mwizi haendi kugonga mlango wa mwenye mali. Pengine unafungua njia ya kumtafuta yule karani, kuna barua pepe, kuna daftari la waliohudumiwa. Waendesha mashtaka watapinga, watasema mshtakiwa hawezi kujiletea maneno yake mwenyewe ya nje ya mahakama. Wakili anaweza kujibu kwamba yanaonyesha alichokuwa nacho moyoni wakati ule. Akishindwa hapo, atakuwa ameweka jambo zito kwenye kumbukumbu.

Lakini ile fomu ilisainiwa miezi kadhaa baadaye. Watauliza: kama alijua umeondoka, akaripoti kwamba umeondoka, mbona aliandika bado uko Seattle? Ujumbe wako unasaidia kwenye wizi na unachoma kwenye maelezo ya uongo. Na hapo ndipo “shauri yao” inapoingia.

Nimecheka kidogo, unisamehe. Wewe na mimi tunajua “shauri yao” inasemwa namna ngapi. Mama anamwambia mtoto aliyekataa uji, “Shauri yako,” kisha anamwekea kwenye jiko usipoe. Inaweza kuwa “nimetimiza wajibu wangu, lililobaki ni lao.” Inaweza kuwa “potelea mbali.” Mtafsiri aliyejifunza Kiswahili darasani atachagua moja, na jopo la watu 8 wasiojua hata “jambo” watamsikia mume wako akiongea kwa Kiingereza cha mtu mwingine. Ujumbe ukienda, basi uende na mtafsiri anayekijua Kiswahili cha pwani, awe tayari kuapa na kueleza kwamba neno lile lina sura mbili. Utetezi unaweza kuomba mtaalamu huyo alipwe na serikali. Wakikataa, kukataa kwenyewe kunaandikwa. Tafsiri mbovu nayo hupingwa pale pale, siku ile ile. Baadaye majaji watasoma Kiingereza tu.

Kabla hujasema lolote, zingatia mambo mawili. Mazungumzo ya siri kati ya mume na mke yana kinga kwenye sheria yao, na mume wako anaweza kuidai kinga hiyo. Ujumbe ukishatumika kumtetea, usitarajie kinga imfunike tena. Uamuzi si wako peke yako, basi, na kwanza anayestahili kujua kwamba unao ni yeye. Pili, kapteni ni wakili wa mume wako, si wako. Pesa zile na wewe ulizila, kwa hiyo kabla ya kumweleza kwa kirefu au kukubali kuwa shahidi, tafuta saa moja na wakili wako mwenyewe. Labda kipande kidogo cha shamba kingetosha kwa hiyo saa.

Naona hofu yako kubwa si ujumbe. Umeandika “kwa sababu mimi niliondoka” kama mtu anayekiri mbele ya jaji. Ulikwenda kumlisha mama yako. Fomu haikuletwa kwako. Lakini ukiingia kizimbani ukiwa umebeba hatia hiyo, utajibu maswali ambayo hukuulizwa ili ujiadhibu, na mwenye kinyago atayanong'ona yote.

Mkae wawili, watoto wakilala, mzime simu zote isipokuwa ile moja. Mwache asikilize sauti yake mwenyewe ya wakati ule, umwangalie usoni ikifika “shauri yao.” Huenda ukajua alimaanisha ipi kabla hajafungua mdomo. Asubuhi yake muandike maswali, mpige simu kwa kapteni, na mume wako asitie saini chochote mpaka yajibiwe.

Ukipata nguvu niandikie tena, hata mistari miwili. Na mama nisalimie. Umenieleza yote ya mahakama, ila hukuniambia kama ameanza kushika kikombe.

Shangazi